Karatasi ya Vituo Tisa

Mwongozaji yuko msibani, Bereko.
Kijana wa dirishani, Salanga, ananikatia risiti:
mzawa, mtu mzima, mmoja.
Kisha ananipa karatasi, fotokopi ya fotokopi,
korongo limechorwa kama utumbo wa mbuzi,
moja hadi tisa.
"Fuata mawe yenye chokaa. Ukipotea, shuka tu.
Maji hushuka, na hutokea."

Cha kwanza, Lango.
Kuta mbili za udongo mwekundu zapita nguzo ya umeme,
na katikati mchanga mkavu
una mafundo kama mgongo wa mtu aliyekonda.
Karatasi inasema: *Sikiliza.*
Nasikiliza. Pimbi anapiga chafya.

Cha pili, Mizizi.
Mkole umening'inia ukingoni, nusu ya mizizi hewani,
kama bibi aliyeketi pembeni mwa kitanda
akitafuta kandambili kwa miguu.
Una majani bado. Sijui unakula nini.

Cha tatu: *Hesabu mistari ukutani.*
Nilifika kumi na saba nikapoteza hesabu,
maana kati ya wa kumi na wa kumi na moja
kuna kigae, kipande cha mdomo wa chungu,
chenye alama ya ukucha iliyobonyezwa kabla ya moto.
Niliweka wangu pale.
Ulienea.

Cha nne hakipo.
Jiwe lake limekwenda na mafuriko, nadhani.
Nasimama ninapodhani ndipo,
nakula chapati.

Mama alizaliwa juu hapo,
wakati huku chini hakukuwa na chini.
Palikuwa na njia ya ng'ombe, alisema,
upana wake kwato na kwato.
Jioni ng'ombe wa Mzee Ijengo walishuka kunywa, wakapanda,
wakashuka, wakapanda,
na mvua ikaiona njia.
Mwaka wa kwanza mguu ulizama hadi kifundo.
Wa tatu, goti.
Siku ya kuolewa alivushwa kwa ngazi,
viatu mkononi, shangazi akipiga vigelegele upande wa pili
kama mtu anayeita kutoka nchi nyingine.
Halafu ikaja amri: mifugo yote ihame.
Babu aliwafuata ng'ombe wake, Kiteto, kwa miguu.
Alisema atarudi nyasi zikiota.

Zimeota.

Cha tano, mwamba wenye michoro.
Pofu mmoja, na watu wembamba wenye vichwa vya duara
wameshikana, au wanavutana, ngeu imefifia.
*Usiguse. Wachoraji hawajulikani.*
Natazama soksi zangu:
wekundu ni uleule.

Cha sita na cha saba nilivipita.
Nilikuwa natazama chini,
kwenye mchanga kulikuwa na kwato,
mbichi, kingo zake hazijamomonyoka.

Cha nane, Mkonge.
Ulipandwa kwa mistari, udongo ushikwe.
Nyuma ya mstari wa tatu, mvulana na ng'ombe watatu,
mmoja ana kengele iliyozibwa kwa kitambaa.
Tukatazamana.
"Wewe wa ofisini?"
"Hapana," nikasema. "Mimi mgeni."
Akaachia pumzi. Akanipa furu, kiganja kizima,
akawageuza ng'ombe wake wapande
kwa kijia chembamba, upana wake
kwato na kwato.

Nilipaswa kusema neno.
Nilitema kokwa.

Cha tisa ni dirisha lilelile.
"Umeona vyote?"
"Cha nne hakipo."
"Tunajua. Na kingine?"
Lile jua la saa tisa, na kalamu iliyofungwa kwa uzi mezani,
na daftari lenye safu: jina, utokako, maoni.
Kwenye utokako niliandika *hapa*,
nikakata, nikaandika *Dodoma mjini*.
Kwenye maoni: *Rudishieni jiwe.*

Ni wiki ya pili sasa.
Soksi sijazifua.